Kuchora Sura kwa Staili ya Matangazo ya Mitindo: Cha Kuchukua na Cha Kuacha

Mchoraji akiweka mtandaoni sura aliyoichora kwa rangi ya mafuta, kisha mtu akaibuka na tangazo la gauni au manukato ambalo mchoro huo umelifuata, mabishano hayakawii. Kuna watakaosema huo ni wizi mtupu. Kuna watakaosema kachora kwa mkono wake, kakesha nayo, ni kazi yake. Na hawakosekani wa kusema kwamba ukibadilisha asilimia 30 tu, umeshasalimika. Wote watatu wanachanganya vitu viwili: mbinu za picha za matangazo, na picha yenyewe.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Hapa picha ni ile iliyopigwa kwa kamera, na mchoro ni ule wa brashi. Picha rejea ni picha ambayo mchoraji anaitazama anapochora. Picha ya tangazo la mitindo hupigwa ili kuuza nguo, viatu, vipodozi au manukato; ndugu yake ni picha ya kurasa za mitindo za magazeti, ambayo mara nyingi hupigwa na watu walewale kwa taa zilezile. Hakimiliki ni haki ya mwenye kazi kuamua nani ainakili, nani aigeuze na nani aiuze.

Kujifunza mapishi ya pilau kwa jirani ni jambo la kawaida. Kubeba sufuria yake ni jambo jingine. Mwanga unaotoka juu mbele ya uso, usuli (kilicho nyuma ya mtu) wa rangi moja, kidevu kilichoinuliwa, mtu aliyewekwa pembeni ili nafasi ibaki: hayo hayana mwenyewe. Lakini picha fulani, yenye mwanamitindo yule, pozi lile, nguo ile na mwanga ule kwa pamoja, ina mwenyewe, na kuipitisha kwenye turubai la mchoraji hakumwondolei haki.

Kesi mbili

Mwaka 2022 mchoraji wa Luxembourg, Jeff Dieschburg, alipata tuzo ya euro 1,500 katika maonyesho ya mji wa Strassen kwa mchoro ambao bei yake ilikuwa euro 6,500. Mpiga picha Jingna Zhang aliitambua kazi yake humo: picha aliyoipigia jarida la Harper's Bazaar la Vietnam mwaka 2017. Mwanamke ni yule, pozi ni lile, ila kageuzwa upande, wa kulia ukawa wa kushoto. Desemba 2022 mahakama ya mwanzo ilimwangusha Zhang kwa hoja kwamba picha haikuonyeshwa kuwa na upekee wa kutosha. Akakata rufaa, na Mei 2024 Mahakama ya Rufaa ikampa ushindi. Wanaodhani kugeuza picha kama kwenye kioo ni kinga, hapo pana jibu lao.

Kesi ya pili husimuliwa vibaya mara nyingi. Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili picha hiyo iwe rejea ya msanii Andy Warhol, kwa matumizi ya mara moja. Warhol akatengeneza kazi 16. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni mama ya jarida hilo ililipa taasisi ya Warhol dola 10,000 kwa kuchapisha mojawapo kwenye jalada, na Goldsmith hakupewa hata senti. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba Goldsmith ndiye mwenye haki. Wanaosimulia husahau kwamba majaji walipima tendo moja tu: kuikodisha kazi ile kwa jarida, mahali ambapo picha ya Goldsmith nayo ingeweza kukodishwa. Hawakusema kila mchoro uliotokana na picha ni haramu.

Asilimia 30 nayo haimo katika sheria ya Kenya wala ya Tanzania. Kinachoangaliwa ni kama sehemu ya maana ya kazi ya mwenzio imeingia katika yako, na macho na pozi vinaweza kuwa sehemu hiyo hata kama umebadilisha usuli wote. Kutaja jina la mpiga picha chini ya mchoro ni adabu njema, lakini ruhusa ni kitu kingine. Na picha kuonekana bure mtandaoni haiifanyi kuwa ya bure. Kenya huilinda picha kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au kutolewa kwa umma, unaohesabiwa ule wa mwisho. Kuna atakayeuliza: mbona vinyozi na saluni za Afrika Mashariki zimechora sura kutoka majarida ya Marekani miaka nenda rudi? Kweli, na mabango hayo ni sanaa yenye watu wake. Lakini kutoshtakiwa si ruhusa, na bango la kinyozi cha mtaani halifiki mbali kama mchoro ulio mtandaoni wenye bei chini yake.

Kunakili nyumbani kwa ajili ya mazoezi ndiyo njia ya zamani ya kujifunza, na haina ugomvi maadamu kazi inabaki kwenye daftari lako. Ugomvi huanza unapoonyesha, kushindania tuzo au kuuza.

Picha ya tangazo imejengwaje

Sheria kando, kuna sababu ya ufundi ya kutonakili, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Picha ya tangazo imeshapikwa. Ngozi imelainishwa kwenye kompyuta, kiuno kimepunguzwa, shingo imerefushwa, rangi zimesukumwa. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka picha za biashara ambazo umbo la mwanamitindo limehaririwa ziandikwe kwamba zimefanyiwa marekebisho. Mchoraji anayenakili ngozi kama hiyo hana mfupa wa kushika: taya halina kona, chini ya jicho hamna bonde, shavu ni duara tupu. Anachora plastiki, kisha anashangaa kwa nini sura yake haina uhai ilhali kila kitu kiko mahali pake.

Dawa ni kujua picha hizo zinavyotengenezwa, halafu utengeneze yako.

Anza na macho ya mwanamitindo, kwa sababu taa zote zimeandikwa humo. Kuza picha mpaka mboni ijae kioo cha simu. Doa moja la mraba juu ya mboni ni sofboksi, yaani taa iliyofunikwa kitambaa cheupe. Madoa mawili, moja juu na jingine hafifu chini, yanasema kuna taa juu na ubao mweupe chini ya kidevu. Huo ndio mwanga mkuu wa matangazo ya vipodozi, kwa kuwa ubao wa chini hufuta vivuli vya chini ya macho na shingo. Duara kama pete ni taa ya duara iliyozunguka lenzi, na hapo utaona pia kivuli chembamba kikiuzunguka mwili kwenye ukuta wa nyuma. Sasa shuka kwenye pua. Kivuli kidogo chenye umbo la kipepeo chini yake kinaonyesha taa ilikuwa mbele kabisa na juu. Kivuli kikienda pembeni, taa nayo ilikuwa pembeni.

Lenzi ndiyo inayowaponza wengi. Sura za matangazo mara nyingi hupigwa kwa lenzi ya milimita 85 hadi 135, mpiga picha akiwa mita mbili au zaidi kutoka kwa mtu. Umbali huo huituliza sura: pua haitokezi, masikio yanaonekana, mashavu yanalala sawa. Simu yako ina lenzi pana. Ukisogea sentimita 40 ili uso ujae, pua inavimba na masikio yanajificha, na hakuna brashi itakayouondoa ubaya huo baadaye.

Mtu akipigwa mzima, kamera hushushwa hadi usawa wa kiuno au chini yake ili miguu irefuke. Mtu wa kawaida ana urefu wa vichwa saba au saba na nusu; wabunifu wa nguo humchora wa vichwa tisa. Picha ya tangazo hukaa katikati ya hao wawili, na ukitaka ladha ya mitindo katika mchoro wako, nusu kichwa cha ziada kwenye miguu kinatosha. Ukiongeza kichwa kizima, unapata katuni.

Na ile nafasi tupu pembeni ya mtu iliachwa kwa ajili ya jina la bidhaa. Kwenye mchoro haina maandishi ya kubeba, lakini inaleta ukimya fulani na kumfanya mtu aonekane anajitambua. Mmarekani Barkley Hendricks (1945–2017) aliijua siri hiyo vizuri. Alipiga watu picha mwenyewe, akiiita kamera kitabu chake cha michoro cha kimashine, kisha akawachora kwa ukubwa wa mtu halisi, wamevaa wakapendeza, mbele ya usuli wa rangi moja. Mara nyingi mtu alimchora kwa rangi ya mafuta inayong'aa na usuli kwa akriliki (rangi inayochanganywa na maji) isiyong'aa, hivyo mwili unajitenga na ukuta hata pale rangi zinapokaribiana. Amy Sherald, aliyemchora Michelle Obama kwa ajili ya jumba la sanaa la taifa la sura huko Washington mwaka 2018, naye huwachagulia watu wake nguo na kuwapiga picha kabla ya kuchora. Ngozi huichora kwa kijivu, nguo kwa rangi kali. Wote wawili wameshika mbinu za tangazo, na picha rejea ni zao.

Picha rejea yako

Hauhitaji studio. Tafuta dirisha kubwa lisiloingiza jua moja kwa moja, au litundikie pazia jeupe jepesi. Mtu akae analitazama, mbali kiasi cha kukuachia nafasi ya kusimama kati yake na dirisha. Mpe ashike karatasi nyeupe ya manila usawa wa kifua, iliyoinamia juu kidogo. Hiyo ndiyo ubao wa chini wa mpiga picha. Nyuma yake tundika shuka la rangi moja, liwe mita moja na nusu nyuma, la sivyo kivuli chake kitaangukia humo.

Simama mita mbili hadi mbili na nusu, tumia zumu ya mara mbili au tatu ya lenzi, na usiwashe ile hali ya simu inayofifisha usuli: hula kingo za nywele, na nywele za Kiafrika ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu simu huzikata kama mkasi. Zima na filta za urembo. Gusa kioo usoni ili simu ipime mwanga wa ngozi badala ya ukuta, halafu piga picha tatu: moja ya kawaida, moja yenye mwanga zaidi kwa ajili ya kuona ndani ya vivuli, moja yenye mwanga pungufu ili ming'ao ya paji la uso na pua isiungue ikawa nyeupe tupu. Utachora kutoka zote tatu.

Mwombe mtu huyo saini kwenye karatasi yenye mistari michache: jina, tarehe, kwamba amekubali kupigwa picha, kuchorwa, mchoro kuonyeshwa na kuuzwa. Hakimiliki ya picha ni yako uliyeipiga, lakini sura ni yake, na Kenya (tangu 2019) na Tanzania (tangu 2022) zina sheria za kulinda taarifa binafsi za watu.

Kwenye turubai

Chukua turubai la sentimita 80 kwa 100. Lipake jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mikono miwili, yaani upake mara mbili, na katikati ya mikono lisugue kwa msasa namba 220. Turubai la dukani lililoandikwa limeshapakwa bado linataka mkono mmoja. Bila huo linanyonya rangi na kuacha mabaka.

Kisha miraba. Kata picha rejea iwe sentimita 20 kwa 25 kamili, ichore miraba ya sentimita 2.5, utapata 8 kwa 10. Turubai lipate miraba ya sentimita 10, nayo 8 kwa 10. Wengi hukosea hapa kwa kuigawa karatasi nzima ya A4 mara 8 kwa 10. A4 haina uwiano wa turubai hilo, kwa hiyo miraba yake ni mirefu kidogo kuliko upana, na ikihamishwa uso unafupika karibu asilimia 12. Mtu anabaki anajulikana, ila anaonekana amenenepa, nawe utalaumu mkono wako. Chora mistari kwa akriliki ya kahawia nyembamba. Penseli laini huchafua rangi nyepesi zitakazokuja juu.

Usuli uje mwanzo, kwa akriliki. Changanya rangi ya kutosha mara moja, uifunike kwenye kopo, maana rangi ukiichanganya upya hairudi ileile. Akriliki hukauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ilivyo mbichi, basi jaribu kwenye kipande na usubiri dakika 20 kabla ya kuamua. Tumia brashi pana ya sentimita 5 hadi 7, mikono miwili au mitatu, wa pili ukikatiza njia ya wa kwanza. Michirizi hutokea ukirudi kusugua mahali palipoanza kukauka. Ukitaka ukingo mkali kwa tepu ya karatasi, bandika tepu, kisha pitisha juu ya ukingo wake rangi ileile iliyo chini, ikauke, ndipo upake mpya: kitakachovuja chini ya tepu kitakuwa rangi isiyoonekana.

Juu ya akriliki iliyokauka unaweza kuchora kwa mafuta. Kinyume chake hakifai. Akriliki juu ya mafuta hubanduka.

Kabla ya rangi za ngozi, jenga giza na mwanga kwa kahawia peke yake katika ngazi tano, kutoka giza kabisa hadi nyepesi kabisa. Chapisha nakala ya picha rejea kwa nyeusi na nyeupe uiweke kando, na kila baada ya muda upige picha mchoro wako kwa simu na kuondoa rangi. Ngazi zikilingana, rangi yoyote utakayoweka juu itakubali. Ndiyo sababu ngozi za kijivu za Sherald zinaaminika.

Ngozi nyeusi ina dhana potofu ya peke yake: changanya kahawia na nyeusi, penye mwanga ongeza nyeupe. Nyeusi ya tyubu inaua kivuli, na nyeupe kwenye kahawia inaleta rangi ya majivu, kama ngozi iliyokosa mafuta wakati wa kipupwe. Anza na sehemu mbili za tyubu iliyoandikwa Burnt Sienna kwa moja ya bluu ya Ultramarine. Unapata giza lenye joto ndani yake. Unapopanda kwenye mwanga, ongeza kwanza nyekundu kidogo na manjano ya Yellow Ochre. Nyeupe ije mwishoni kabisa, kwenye ming'ao tu, na hata huko iwe na tone la bluu, kwa sababu mng'ao wa paji la uso ni dirisha linalojitazama kwenye ngozi. Kwa mwanga wa tangazo ming'ao hiyo ni mikubwa na yenye kingo laini: paji la uso, mgongo wa pua, juu ya mdomo, kidevu, mifupa ya bega. Ukiitawanya kila mahali, mtu anaonekana amelowa jasho.

Katika rangi ya mafuta, mkono wa juu uwe na mafuta mengi kuliko wa chini. Mkono wa chini ukiwa mnono na wa juu mwembamba, wa juu hukauka mbele, wa chini ukaendelea kusogea, na nyufa zinafuata.

Nguo ndiyo roho ya picha ya mitindo, na kitenge ndicho kinachoumbua watu. Mchoraji hulichora ua kwa ustadi, kisha analirudia lilivyo nguo nzima, na mwili unageuka ukuta uliobandikwa karatasi. Fanya kwa mpangilio huu: kwanza mikunjo yote kwa giza na mwanga bila ua hata moja, pili ua, likiingia kwenye mkunjo likatike na kutokea upande wa pili limesogea, mwisho kivuli chembamba chenye kupitisha mwanga juu ya ua na nguo pamoja. Kwa kanga, jina lake lipinde pamoja na kitambaa, na herufi nyingine zimezwe na mkunjo. Jina linalosomeka lote, limenyooka kwenye kiuno kilichopinda, hulipa jicho habari kwamba liliandikwa baadaye.

Madoa ya mwanga machoni yawe ya mwisho, na yakae mahali pamoja katika macho yote mawili, kama kwenye uso wa saa: yote mawili penye namba 11 au yote mawili penye namba 1. Weupe wa jicho usiwe mweupe. Uwe kijivu chenye joto, giza zaidi chini ya kope la juu. Doa likiwa ndicho kitu cheupe kuliko vyote usoni, mtu anakutazama.

Vanishi subiri miezi sita hadi kumi na miwili kama rangi ya mafuta ni nene. Wakati huo iweke pamoja picha rejea zako tatu, tarehe zake na ile karatasi ya saini, kwenye bahasha moja iliyobandikwa nyuma ya fremu au kwenye faili la kazi hiyo. Na kama kweli unaitaka picha fulani ya tangazo na hakuna mbadala wake, mwandikie mpiga picha au wakala wake kabla ya kuanza, utaje ukubwa wa turubai, kama utauza, na kama utachapisha nakala na ngapi. Ruhusa ya mchoro mmoja haibebi nakala 50 za kuchapisha.